Bibi "anasikia anapotaka"

Mvua ya Tanga ikishika bati, watu wa humu ndani huwa wananyamaza wenyewe maana hakuna anayemsikia mwenzie. Jioni ile nilikuwa sebuleni na bibi, mlango wa uani uko wazi, shangazi yuko jikoni kule nje na sufuria lake la mbaazi. Akapaza sauti kuuliza kitu. Mimi mwenye masikio mazima niliambulia mlio tu, nikajua kuna mtu kauliza, basi. Bibi, huyu ambaye kutwa tunamrudia neno moja mpaka sauti inatukauka, akajibu palepale bila hata kugeuza shingo.

"Tia jepesi kwanza. Zito mpaka ziive."

Nikajifunika kanga kichwani nikakimbia jikoni kumuuliza shangazi alikuwa amesema nini. Aliuliza tui lipi litangulie.

Sasa asubuhi ya siku hiyohiyo, jua linawaka, redio imezimwa, nilisimama mlangoni kwake nikamwambia "Bibi, chaja?" Akainuka kitini anajiweka sawa mtandio, "Nani kaja?"

Watu walicheka. Mjomba, ambaye bibi ndo mama yake mzazi, akatoa kauli ambayo nimeisikia miaka na miaka: "Mama huyu anasikia anapotaka."

Imenikaa kooni wiki nyingi hii kauli.

Ushahidi wa mjomba

Nadhani karibu kila familia yenye mzee inayo. Inasemwa kwa kucheka lakini ndani yake kuna shutuma, kwamba mzee anatuchezea, kwamba anachagua. Na afu ikishasemwa mara nyingi watu wanaanza kumfanyia mzee kulingana nayo, hawamrudii tena jambo, wanasema "achana naye, kasikia huyo".

Na mjomba ana hoja, siwezi kumbishia kirahisi. Bibi akiwa na wenzie barazani wanaongelea harusi ya mtaa wa pili, hapotezi kitu, anajua nani kavaa nini na nani hakualikwa, anadakia, anauliza. Mtu akitaja habari za kile kiwanja cha Pongwe, hata kwa sauti ya chini, anageuka. Halafu mtu huyohuyo ukimwambia "dawa" anakutazama tu usoni.

Kwahiyo swali langu halikuwa kama bibi hasikii vizuri. Hilo linajulikana. Swali lilikuwa kwa nini hasikii kwa mpangilio huu, wa ajabu kiasi kwamba unafanana kabisa na mpangilio wa mtu anayechagua.

Hospitali

Tukampeleka kupimwa. Kwanza walimvalisha hedifoni, anainua mkono akisikia mlio. Kisha dada aliyekuwa anampima akaziba mdomo wake kwa karatasi akawa anamsomea maneno, moja moja, bibi arudie.

"Taa."

"Kaa."

"Sita."

Kimya. "Sijasikia mwanangu."

Aliendelea hivyo na mimi nimekaa pembeni naumia, kwa sababu kila neno alilokosea alijua kakosea, nilimwona usoni. Ilipoisha yule dada akaweka karatasi chini, akamsogelea akamuuliza, "Bibi, leo umekuja na nani, mjukuu wako huyu?" Bibi akajibu yote, kwamba ndiye, na kwamba huyu ni wa binti yake wa pili, na kwamba njaa inamuuma tangu asubuhi. Wakapiga stori hapo dakika kadhaa.

Chumba kilekile. Sauti ileile. Mtu yuleyule.

Karatasi ilikuwa imeshuka, hilo nalihesabu, maana macho nayo yanasikia. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald kule Uingereza walionyesha kwamba mtu akipewa sauti ya "ba" huku anaangalia mdomo unaosema "ga", wengi wanasikia "da", yaani silabi ambayo haikutamkwa na mtu yeyote. Lakini mdomo peke yake hauwezi kutofautisha taa na saa vizuri, ulimi unafanya kazi yake kwa ndani huko huuoni. Kulikuwa na kitu kingine kilichobadilika, na kilikuwa kikubwa zaidi. Maneno yalikuwa yamerudi kwenye sentensi.

Kinachoibiwa na umri

Sikio la ndani lina kitu kilichojikunja kama konokono, na humo kuna chembe zenye vinyweleo ambazo zikifa kwa binadamu hazioti tena. Zile za sauti nyembamba ziko mwanzoni kabisa mlangoni, na kwa wazee wengi ndizo zinazotangulia kufa. Sauti nene zinabaki.

Sasa angalia hilo linafanya nini kwenye lugha yetu. Irabu ni nene na zina nguvu, a e i o u zinamfikia bibi vizuri tu. Konsonanti nyingi ndo nyembamba na dhaifu, s hasa, nguvu yake nyingi iko juu ya hezi 4,000 huko (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), na kile kishindo kidogo cha t, na ule mkwaruzo wa ch. Ndo maana bibi anasema "nawasikia mnaongea ila sielewi mnasema nini", na ndo maana ukimpigia kelele unaongeza zaidi kile ambacho tayari anacho.

Saa, taa, kaa, paa, vaa, faa, jaa, zaa.

Toa herufi ya kwanza kwenye kila moja. Kinachobaki ni kilekile. Pale hospitali alipoambiwa "taa" alipewa "aa" akaambiwa achague, na akachagua.

Hata wewe ungefeli

Hapa ndo nilianza kubadilika kimawazo. Nilikuwa naamini kwamba mtu mwenye masikio mazima anasikia neno kwanza, halafu ndo anaelewa sentensi. Neno, neno, neno, maana. Kumbe sivyo kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani wawili, Irwin Pollack na J. M. Pickett, walirekodi watu wakipiga soga za kawaida, kisha wakakata neno mojamoja kutoka kwenye ile rekodi wakawasikilizisha watu wasio na tatizo lolote la masikio. Karibu nusu ya maneno hayakutambulika. Maneno ya kawaida, yaliyosemwa na watu wa kawaida na yaliyoeleweka vizuri sana pale yalipokuwa. Ukiongeza kipande cha sentensi wakaanza kuyapata.

Nusu! Yaani sisi wote tunatembea na masikio ambayo ukitunyang'anya sentensi tunabaki na nusu ya maneno, na hatujui, kwa sababu hakuna anayetunyang'anya.

Kabla ya hapo, 1951, George Miller na wenzake Heise na Lichten walikuwa wameshaliona kwa upande wa kelele: neno lilelile kwenye kelele ileile linasikika vizuri zaidi likiwa ndani ya sentensi kuliko likiwa peke yake, na pia likiwa miongoni mwa maneno machache ambayo msikilizaji anajua ndo yanayoweza kutajwa. Kelele haijapungua. Kilichopungua ni idadi ya mambo ambayo mtu angeweza kuwa amesema.

Mbaazi ziko motoni, harufu imejaa nyumba nzima, anayeuliza ni shangazi na anauliza kutoka jikoni. Mambo mangapi angeweza kuwa ameuliza?

Alisikia au alikisia?

Hili swali lilinisumbua kuliko yote. Maana mtu anaweza kusema haya basi, bibi hakusikia kitu, alikisia tu, angejibu vile hata kama shangazi angeuliza habari za kibiriti.

Lakini hapana. Siku nyingine, mvua ileile, shangazi aliuliza kweli habari za kibiriti, na bibi akasema "Eeh? Sema tena." Kwahiyo hajibu ovyo. Kuna kitu kilichomfikia siku ya mbaazi na siku ya kibiriti hakikumfikia cha kutosha.

Kuna jaribio la Richard Warren la mwaka 1970 ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi. Alirekodi sentensi ya Kiingereza kuhusu magavana wa majimbo kukutana na mabunge yao, kisha akaikata kabisa sauti moja, s, katikati ya neno, na mahali pake akaweka kikohozi cha mtu. Akawaambia wasikilizaji kuna kikohozi, waseme kiko wapi, na kama kuna sauti yoyote iliyokosekana. Walikuwa wanafunzi 20. Kumi na tisa walisema hakuna iliyokosekana, na yule mmoja akataja sauti ambayo siyo. Mahali kikohozi kilipo walishindwa kupaonyesha sawasawa.

Hao hawakukisia, kwa maana ya kukisia tunayoijua, ya kujishauri kwanza. Waliisikia s. Ilikuwa haipo na waliisikia.

Kwahiyo nikimuuliza bibi "ulisikia au ulikisia?" namuuliza swali ambalo hata hao vijana wasingeweza kulijibu, kwa sababu ndani ya kichwa hakuna mahali ambapo kimoja kinaishia kingine kinaanza, vinatoka vimeshachanganywa, na unachopokea ni neno limekamilika linang'aa.

Hatusubiri neno liishe

William Marslen-Wilson, mwaka 1973, alichapisha habari za watu aliowapa kazi ya kurudia maneno ya mtu mwingine huku bado anaendelea kusoma, na baadhi yao walikuwa nyuma yake kwa kama robo sekunde tu. Robo sekunde ni silabi moja na kidogo. Na hawakuwa kasuku, walikuwa wanaelewa, na baadaye alipoweka makosa kwenye maneno walikuwa wanayasahihisha bila hata kusita.

Hoja yake ni kwamba neno likianza tu, kichwani wanaamka wote wanaoanza hivyo. Sikia "maji" na hapo wameshasimama maji, majibu, majina, majira, majivu, majirani. Kila sauti inayofuata inawakalisha wengine mpaka abaki mmoja, na mara nyingi anabaki mmoja kabla neno halijaisha. Mwaka 1998 Paul Allopenna, James Magnuson na Michael Tanenhaus, Chuo Kikuu cha Rochester, waliliona hilo kwenye macho ya watu, kwamba mtu akianza kusikia jina la kitu kimoja, jicho linaruka pia kwenye picha ya kitu kingine chenye jina linaloanza vilevile, kisha linarudi.

Ila hapa nina shaka yangu, na ni shaka ya Mswahili.

Majaribio haya mengi ni ya Kiingereza, Kiholanzi, lugha ambazo neno mara nyingi linaanza na mzizi wake. Sisi kitenzi chetu kinaanza na watu na wakati. Alimtegemea, alimtembelea, alimtengenezea, alimtetea. Mpaka unafika "alimte" bado hujajua kilichofanyika, unajua aliyefanya, lini, na aliyefanyiwa. Tunachelewa kuwakalisha.

Mwanzoni nikaona hii ni hasara kwa bibi. Kisha nikaona ni kinyume chake.

Kiswahili kinambeba

Chukua sentensi hii: "Kile kikombe changu cha bluu kimevunjika." Iseme kwa sauti. Ile ki/ch inarudi kwenye kile, kikombe, changu, cha, kimevunjika. Mvua ikimeza neno "kikombe" lote, bado zimebaki nne zinazosema tunaongelea kitu cha ngeli hiyo, na "vunjika" inakwambia si kitambaa. Msikilizaji wa Kiswahili anaambiwa jambo lilelile tena na tena ndani ya pumzi moja.

Ongeza na mkazo. Karibu kila neno letu linakazwa silabi ya pili kutoka mwisho, kwahiyo sauti ikipanda hapo sikio linajua imebaki silabi moja, neno linaisha. Hiyo ndo inayotenganisha maji na majira mapema, ma inakazwa kwenye la kwanza, ji kwenye la pili. Kata na kataa vilevile. Na mkazo unabebwa na irabu, sauti nene, ile ambayo masikio ya bibi bado yanayo. Anne Cutler, Mwaustralia aliyefanya kazi miaka mingi Nijmegen kule Uholanzi na akafariki 2022, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba kila mtu anasikiliza kwa mbinu za lugha yake ya kwanza, anazijenga tangu utotoni na zinakuwa ndo masikio yake. Bibi ana miaka zaidi ya themanini ya kusikiliza Kiswahili. Mbinu hizo hazijafa na zile chembe.

Sasa rudi kwenye "Bibi, chaja?"

Hamna ngeli. Hamna kitenzi. Hakuna jambo lililotangulia. Kuna ch iliyopotea na "aja".

Nilijaribu siku nyingine, nikakaa mbele yake nikamwambia, "Bibi, simu yangu imezima, naomba ile chaja yake uliyokuwa unatumia jana." Akanionyesha kwa kidole, iko nyuma ya redio.

Upande wa pili

Nisiwe nimependelea. Msaada huohuo unamponza pia. Chad Rogers, Larry Jacoby na Mitchell Sommers walichapisha mwaka 2012 kwamba wazee, sentensi ikiwaelekeza vibaya, wanasikia neno ambalo halikusemwa mara nyingi zaidi kuliko vijana, na wanakuwa na uhakika nalo. Uhakika, hilo ndo zito. "Nani kaja" haikuwa swali la mtu aliyeshindwa kusikia, ilikuwa swali la mtu aliyesikia vizuri sana kwamba kuna mgeni, kwa sababu mtu akisimama mlangoni asubuhi na kusema kitu, mara nyingi ni habari ya mgeni.

Ukimcheka hapo, unacheka kazi ileile iliyojibu swali la tui.

Na kingine kinachoniuma ni uchovu. Bibi akitoka kwenye shughuli yenye watu wengi anakwenda kulala mchana. Tulidhani ni umri. Lakini fikiria unajaza konsonanti za watu hamsini kuanzia saa tatu asubuhi.

Wajukuu wa Dar

Wanaompa shida kuliko wote ni binamu zangu wanaokuja likizo. Wanampenda sana na wanaongea naye kwa heshima zote, shikamoo bibi, lakini wanaongea haraka na wanakata mwanzo wa maneno, "n'shakwambia bibi", "saivi n'arudi", na mwanzo wa neno letu ndo unakaa nani na lini. Wanakata palepale alipokuwa anashikilia. Wakati huohuo jirani yetu wa Musoma, ambaye r na l zake zinabadilishana, bibi anaelewana naye bila shida yoyote, kwa sababu wamekaa ukuta mmoja miaka mingi, sikio limeshamzoea, na yule mama hakati kitu, anasema neno zima.

Kwahiyo nimewaomba binamu zangu hawa mambo ya kawaida tu. Mkae mbele yake. Mwanzo mtaje jambo lenyewe, "bibi, habari za shule", ndo muendelee. Asiposikia msirudie neno lilelile kwa kelele, semeni kwa namna nyingine. Wanajaribu, hasa yule mdogo.

Mjomba bado

Simu ndo imetushinda. Mtandao wa simu wa kawaida ulitengenezwa kupitisha kama hezi 300 hadi 3,400, kwahiyo hata kile kidogo cha s alichobaki nacho kinakatwa, na mdomo hauonekani. Mjomba anapiga kutoka Muheza, anasema "Mama, zimefika?" akimaanisha hela, na bibi anasema "nani kafika?" na mjomba anakata simu anatupigia sisi kulalamika. Nikamwambia mjomba, anza na "Mama, nimekutumia hela ya dawa". Akasema hana muda wa hotuba.

Na kuna mambo ambayo sentensi haiyafikii. Majina. Kitukuu amezaliwa juzi kapewa jina ambalo hakuna mtu kwenye ukoo amewahi kuwa nalo, tumemwambia bibi kwa kila namna, kila siku anamwita tofauti, na jina halitokani na chochote kilichotangulia, huwezi kulijaza. Tarakimu za miamala ni hivyohivyo. Hizo tunamwandikia kwa herufi kubwa, anavaa miwani anasoma.

Tuna tarehe nyingine hospitali mwezi ujao kuongelea kifaa cha kusikia. Nimeshaandika maswali yangu, na la kwanza ni kama wanaweza kumpima kwa sentensi, mdomo wa anayesoma ukionekana, na kelele kidogo kwa nyuma, kama anavyoishi. Mjomba amekubali kuja. Nimemwomba akae ndani ya chumba wakati wanasoma yale maneno mojamoja, na ayasikilize yeye pia akiwa amegeukia ukuta.